Mtoto wa Mbwa Juu ya Kaunta ya Sukari

Nyinyi mnaoanza kazi ya mifugo siku hizi mna simu mfukoni, na mtu akiuliza jambo mnabonyeza mnampa jibu kabla hajafunga mdomo. Mimi nimestaafu, nimerudi Kosele kulima njugu, na bado naulizwa swali lile lile nililoulizwa nikiwa msichana: mtoto wa mbwa achanjiwe nyumbani au apelekwe kwa daktari? Juzi binti wa jirani alinijia na bomba la sindano ndani ya kikombe cha chai, mtoto wa mbwa kwapani, akitaka nimwonyeshe pa kudunga. Nilimwambia kikombe akirudishe jikoni kwao, kisha aje aketi anisikilize. Nanyi ketini, maana jibu langu ni refu na linapitia Awendo.

Kazi yangu iliitwa msaidizi wa afya ya mifugo. Watu waliniita daktari, nami niliitika, kwa sababu ukianza kumweleza mtu mwenye ng'ombe aliyevimba tumbo tofauti ya vyeo vyenu, ng'ombe atakufa mkiwa bado kwenye vyeo. Miaka ya tisini ilinikuta Homa Bay mjini, kisha nikahamishiwa Awendo, kwenye miwa na matrekta. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja, benchi moja nje, na friji ya mafuta ya taa yenye tabia zake. Siku ikipenda, iligandisha mpaka kalamu. Siku ikinuna, uliweka maziwa asubuhi ukatoa maziwa mala jioni.

Hapo ng'ombe ndiye aliyekuwa mfalme. Mbwa alikumbukwa tu akishamuuma mtu. Mtu akija kwenye foleni na mtoto wa mbwa alichekwa mpaka akajuta, wakimuuliza paka atamleta lini na kuku je.

Aliyenifunza mbwa ni bosi wangu, Daktari Marwa, Mkuria mfupi mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Usimshike mbwa kabla hujamshika mwenye mbwa." Nilidhani ni mzaha. Kisha tukaenda karibu na mpaka wa Tanzania kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, pale penye josho. Akaja jamaa mmoja mkubwa, mabega kama mlango, amemfunga mbwa wake kwa kamba ya katani. Nilimwangalia mbwa vizuri, meno, masikio, mkia. Jamaa mwenyewe sikumwangalia. Nilipoinua sindano alizimia pale pale, kamba ikamtoka, mbwa akaondoka na kamba yake, na mimi nikabaki na dawa mkononi na mwanamume chini. Daktari Marwa alikuja, akatutazama wote wawili, akasema, "Basi mchanje huyu, angalau ametulia."

Tangu siku hiyo nilianza na mtu. Namsalimia, namuuliza habari za shamba, naangalia mikono yake kama inatetemeka. Mbwa anasoma mikono ya mwenyewe. Mengine ni madogo madogo ambayo hamtayakuta kwenye simu. Dawa ikitoka kwenye baridi na bomba likishajaa, lishike kidogo kiganjani ili isimuumize mtoto wa mbwa kwa ubaridi. Paka uji kidogo ukingoni mwa sufuria, aulambe wakati unamdunga, na mara nyingi hatajua kilichompata. Vuta ngozi iliyolegea nyuma ya shingo, iinue kidogo, na sindano iingie chini yake. Mwenye minyoo mtibu minyoo kwanza. Anayeharisha au aliyelegea usimchanje, mwache apone. Na akishachanjwa, usikimbie. Kaa naye kidogo uone kama uso unavimba.

Sasa Awendo. Kulikuwa na mama aliyeitwa Min Odhiambo, yaani mama yake Odhiambo. Odhiambo mwenyewe alikuwa mtu mzima yuko Nairobi, baba yake alikuwa ameshafariki, na mama alibaki akikaanga samaki na mandazi kwenye baraza la duka moja la jumla. Nilimjua kwa sababu ya mbwa wake jike, Nyiego. Kwetu mbwa hupewa jina la kumsema jirani. Neno usiloweza kumwambia mtu usoni, unampa mbwa liwe jina lake, kisha unamwita mbwa kwa sauti kila siku. Nyiego maana yake ni wivu, na jina hilo lilimlenga mama mwingine aliyekaanga mandazi upande wa pili wa barabara. Siku ya kwanza ya chanjo pale sokoni nilisimama nikaita kwa sauti kubwa, "Nyiego! Nani mwenye Nyiego?" Wakasimama wanawake wawili, na mmoja wao hakuwa na mbwa. Daktari Marwa aliwatenganisha kwa mkebe wa dawa.

Lakini Nyiego hakuwa wa matusi tu. Kila alfajiri Min Odhiambo alitembea kutoka nyumbani kwake, akipita kando ya mashamba ya miwa, kuja kuwasha jiko kabla wafanyakazi wa kiwandani hawajapita kwenda zamu. Mwanamke aliyewahi kupita kando ya miwa jua halijatoka hahitaji kuelezwa mbwa ni wa nini. Nyiego alitembea mbele, na chochote kilichokuwa ndani ya miwa kilikaa humo humo. Sasa Nyiego alikuwa mzee, hasikii vizuri, na miguu ya nyuma inaburuta. Watoto wake wote walikuwa wanakufa wakikaribia kuacha kunyonya. Uzao huu ulikuwa wa mwisho, na alikuwa amebaki mmoja tu, dume mweusi mwenye kidole kimoja cheupe. Huyo akifa, Min Odhiambo angetembea peke yake, au angeacha biashara. Hakuwa na njia ya tatu, na aliniambia hivyo akigeuza samaki kwenye mafuta, bila kuniangalia.

Wale wa uzao uliotangulia alikuwa amewaleta kliniki kwetu, wanne ndani ya karai, kama alivyoshauriwa. Asubuhi ile ile mtu mwingine alikuwa ameleta mbwa anayeharisha damu, akamlaza pale karibu na benchi. Min Odhiambo akatua karai lake chini, na watoto wa mbwa mnawajua, wakatoka wakanusa kila kitu na kulamba walichokinusa. Walichanjwa vizuri kabisa. Kabla juma halijaisha, walikataa kunyonya, wakaanza kuharisha damu, wakafa mmoja baada ya mwingine mikononi mwake. Sisi tulijua walibeba ugonjwa kutoka udongoni kabla chanjo haijawasaidia. Yeye alijua kitu kimoja: walidungwa, wakafa.

"Kliniki yenu sirudi," aliniambia. "Hata kama mmeweka vioo na maua."

Hapo akaingia Ochola. Ochola alikuwa dereva wa trekta la miwa, mtu mcheshi, mzuri wa moyo, aliyewahi kuwadunga fahali wake dawa ya ndigana, ile homa ya kupe, na wakapona. Kwa hiyo alijiona ameshahitimu. Alimwambia Min Odhiambo asisumbuke, yeye anaenda Migori kutafuta spea, atanunua chanjo kwenye duka la dawa za mifugo na kumdunga mbwa pale pale nyumbani. Min Odhiambo alifurahi. Mimi sikujua lolote mpaka Ochola alipokuja ofisini na hasira, chupa ndogo mkononi.

"Daktari, hiyo duka ya Migori imeniibia mchana!"

"Imekuibia nini, Ochola?"

"Nimelipa chupa mbili. Moja ilikuwa na dawa, sawa. Hii ingine ni tupu! Angalia wewe mwenyewe. Iko tu na kitu nyeupe imekauka hapo chini. Nataka uniandikie niende niwaonyeshe."

Nikaitazama ile chupa.

"Na ile yenye dawa iko wapi?"

"Ilishaingia kwa mbwa. Yote. Hata hakulia, ni mbwa mwanaume kabisa."

"Ochola," nikamwambia, "umemchanja mbwa maji."

Alicheka kwanza. Kisha akaona mimi sicheki.

Vijana, jambo hili mlishike. Chanjo nyingi za mbwa wachanga huja kwa chupa mbili. Ile inayoonekana tupu, yenye kipande cheupe chini kama ncha ya chaki, hiyo ndiyo chanjo. Ile iliyojaa ni ya kuiyeyushia. Ndani ya kile cheupe kuna kitu hai kilicholazwa usingizi, na kinalala vizuri kwenye baridi tu. Ochola aliuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kurudi sasa amdunge hiyo nyeupe. Nikamuuliza ameibeba wapi siku hizo zote.

"Mfukoni. Wakati ingine juu ya injini ya trekta, ndiyo isipotee."

Basi ilikuwa imeiva. Nilimwambia aiache hapo mezani, aende akalete miwa, na asimdunge mtu wala mnyama mpaka nimwambie. Alitoka mnyonge kabisa. Nilimhurumia, maana ni wazee wangapi wenye elimu zao niliowaona wakifanya hivyo hivyo baadaye. Chupa iliyojaa inajieleza, chupa kavu haijielezi.

Kazi ngumu ilikuwa kwenda kumwambia Min Odhiambo. Nilimkuta anaimba juu ya karai la mandazi, mbwa mweusi amelala kwenye boksi karibu na mguu wake. Alinipa andazi kabla sijasema kitu. Nilimwambia hivyo hivyo, wima, kwa sababu habari ya namna hiyo ukiizungusha inazidi kuuma. Akaacha kuimba.

"Kwa hivyo hana kitu ndani yake."

"Hana, mama."

"Na mbwa za bucha zimeanza kutapika jana. Zile ndogo." Akanyoosha mdomo kuelekea bucha iliyokuwa mlango wa tatu. "Nyar Kosele, mimi nimeshachoka kuzika hizi vitu."

Nyar Kosele ni binti wa Kosele, ndivyo alivyoniita. Nilitaka kulia na mimi, na andazi likiwa mdomoni.

Mwenye duka alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Huyu alikuwa Mzee Twahir, aliyetoka Lamu ujanani akaja kuuza sukari katika mji unaotengeneza sukari, na bado akapata wateja. Mtu mpole, kofia safi, kanzu safi, na Kiswahili kilichotufanya sote pale baraza tuone aibu kufungua midomo. Jiko la Min Odhiambo lilikuwa kwenye baraza lake kwa miaka, yeye akimlindia mlango na Mzee akimpa kivuli. Kwa mbwa alikuwa na adabu ya mbali. Alimsalimia Nyiego kutoka mlangoni, "Hujambo, bibi," lakini hakumgusa hata siku moja.

"Mwanangu," aliniambia, "nisikiza. Kliniki kubaya, kwake kubaya. Wataka pawe wapi?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe, na ninyi mtakuja kuulizwa. Nyumbani kwa Min Odhiambo walikuwa wamekufa watoto wa mbwa uzao baada ya uzao, na ugonjwa ule hukaa kwenye udongo hata mwaka ukipita. Kliniki palikuwa na benchi na kila aina ya mbwa. Nyumbani au kwa daktari si jibu kamili mpaka uulize ardhi ya huko imekanyagwa na nani. Nilimwambia Mzee nataka mahali pa juu, pasipofika mbwa mwingine, panapooshwa kila siku. Akafikiri. Akageuka kutazama duka lake.

"Hapa chumba cha nyuma nina maboksi matupu, na sakafu ni simiti. Akae humo. Siku ya kumchanja, mwekeni juu ya kaunta. Kaunta yangu yaoshwa kwa sabuni asubuhi na jioni."

Min Odhiambo alimtazama kama amemsikia vibaya. "Mzee, mbwa kwa kaunta ya sukari?"

"Nitaiosha," alisema Mzee. "Kwani mbwa ni petroli?"

Palibaki jambo la baridi. Friji yetu ilikuwa imenuna juma zima. Zahanati walikuwa na friji nzuri, lakini muuguzi alinikatalia, na alifanya vyema. Chanjo za watoto wa watu hazilali kitanda kimoja na za mbwa. Daktari Marwa akasema ofisi ya Homa Bay inayo dawa, tatizo ni kuifikisha Awendo ikiwa bado imelala. Kisha akanusa hewani, upande wa jiko la Min Odhiambo, akaniuliza yule mama anapata wapi samaki wake. Nikaelewa. Gari la samaki lilikuwa likitoka Kisegi, ufukweni mwa ziwa, na barafu, likipita Homa Bay, likija mpaka kwetu.

Nilienda Homa Bay nikachukua dawa, nikalisubiri gari. Dereva aliposikia ninachotaka alishika usukani kwa mikono miwili.

"Dawa ya mbwa ndani ya samaki ya watu? Daktari, unataka mimi nifukuzwe kazi?"

"Samaki wako siwagusi. Nipe barafu tu. Mkebe ninao, na nitaushika mapajani."

"Na nikiulizwa?"

"Sema umebeba mama mjamzito mwenye joto."

Alicheka, akanichotea barafu. Chupa zangu nilikuwa nimezizungushia gazeti, kisha nailoni, kisha barafu ikakaa nje. Msiache kufanya hivyo. Barafu ikigusa chupa moja kwa moja, ile ya maji hugeuka jiwe na huenda ikapasuka. Baridi inatosha, kuganda hakutakiwi. Tulifika Awendo na matope mpaka kwenye vioo, nami nikinuka samaki wa mbuta kiasi kwamba paka watatu wa sokoni walinisindikiza mpaka dukani.

Mzee Twahir alikuwa amefunga nusu ya mlango. Kaunta ilikuwa nyeupe kwa kusuguliwa, mizani imeondolewa, na juu yake ametandika gunia jipya. Wateja walikuwa wamekusanyika nje kama kuna harusi. Mmoja akapaza sauti kwamba yeye kesho atanunua sukari Rongo. Mzee akamjibu kwamba Rongo ni mbali na yeye ni mvivu, atarudi.

Nikachanganya dawa, kile cheupe kikayeyuka, nikalishika bomba kiganjani ubaridi upungue. Nikasema, "Min Odhiambo, mshike."

Hakusogea. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifunga ndani ya leso.

"Mimi siwezi," alisema. "Wale wote nilishika mimi. Mkono yangu iko na mkosi. Nikimshika huyu ataenda."

Nilimwambia hakuna mkosi, ni udongo tu. Alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimtafuta Ochola, lakini alikuwa kwenye trekta. Wale wa nje wote waligundua ghafla kwamba wana haraka. Mtoto wa mbwa naye alikuwa ameshachoka kukaa juu ya gunia, anatembea kuelekea ukingoni mwa kaunta. Mimi nilikuwa na bomba mkono mmoja na pamba mkono wa pili.

Ndipo Mzee Twahir akakunja mikono ya kanzu. Mnajua wenzetu Waislamu wa kwao, mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, na moja kwa udongo. Wala si chuki, ni usafi wa ibada, na yeye alikuwa ameutunza maisha yake yote. Akamkamata yule mbwa kabla hajaanguka, akamkumbatia kifuani, vibaya vibaya, kama mwanamume anayeshika mtoto wa siku moja. Mbwa akafurahi sana. Akamlamba mkono, akamlamba ndevu, kisha, kwa sababu ya furaha, akakojoa kwenye kanzu.

Wale waliokuwa na haraka wakarudi mlangoni kutazama.

"Dunga, mwanangu," Mzee akaniambia. "Dunga, usikawie. Maji yako kisimani na udongo haujesha duniani."

Nilidunga. Kisha Mzee akamweka mbwa kwenye boksi lake, akaenda uani, na tukasikia ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliporudi alikuwa na kanzu nyingine na ameanza kuisugua kaunta. Yule wa Rongo alinunua sukari jioni ile ile.

Wengi hudhani sindano ikitoka, ulinzi umeingia. Mwili unahitaji siku zake, na mtoto wa mbwa huhitaji kurudiwa chanjo mpaka maziwa ya mama yaache kuingilia kazi. Hivyo tulingoja. Wale wa bucha walikufa wote katika siku hizo. Dalili ya kwanza ya ugonjwa ule ni kukataa chakula, kwa hiyo pale barazani salamu zikabadilika. Badala ya kuulizana umeamkaje, watu waliuliza, "Amekula?" Makondakta waliuliza, wafanyakazi wa zamu waliuliza, yule mama wa upande wa pili wa barabara, mwenye jina lake la mbwa, naye alivuka akauliza. Ochola alisimamisha trekta lenye miwa katikati ya njia ili aulize, na Min Odhiambo akajibu, "Amekula, kwenda kazi."

Kisha Ijumaa moja asubuhi nilipita pale nikamkuta Min Odhiambo ameketi kwenye ngazi, leso kichwani, bakuli la uji wa omena, wale dagaa wa ziwani, limejaa kando yake. Jiko halikuwashwa.

"Amekataa," alisema. "Amegeuza kichwa. Nyar Kosele, imeanza."

Niliingia chumba cha nyuma. Mbwa alikuwa amelala ubavu kati ya maboksi, hainuki. Nikamshika ufizi, ulikuwa mwekundu, si mweupe. Pua mbichi. Hana joto, hajatapika, hajaharisha. Lakini tumbo lilikuwa limejaa na gumu, na alipumua kama mzee aliyetoka kwenye harusi. Nilimgeuza, nikamgeuza tena. Sikuelewa kitu.

Mzee Twahir akatokea uani, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mkononi alishika kitu akikigeuza geuza kwenye mwanga. Alikuwa na jozi ya makubadhi ya ngozi aliyoletewa na dada yake kutoka Lamu, na hayo aliyavaa Ijumaa tu. Alichoshika ni soli ya la kushoto. Mikanda yote ilikuwa imetafunwa, kisigino kimetafunwa, na kwenye ukingo kulikuwa na alama za meno madogo mengi. Aliitazama ile soli. Akamtazama mbwa aliyevimba tumbo. Kisha akatazama mlangoni, alipoketi Min Odhiambo na leso yake.

"Amekula!" akapiga kelele. Sijawahi kumsikia Mzee Twahir akipiga kelele, kabla wala baada. "Jamani, amekula! Alhamdulillahi, amekula kiatu changu!"

Min Odhiambo aliingia mbio akampokonya ile soli, akaitazama, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaenda nayo barazani kuwaonyesha watu. Yule mbwa, ambaye kwa miaka mingi baadaye alitembea mbele yake kando ya miwa kila alfajiri, alifungua jicho moja kuona kelele ni za nini. Mzee akavua lile kubadhi la kulia, akainama, akaliweka taratibu mbele ya pua yake. Nilimwambia ngozi haifai kwa tumbo la mbwa mchanga. Hakuna aliyenisikia.